Saa Nane na Nusu Mchana

Naanza na vigari, maana kila aliyewahi kunisikia nikilalamika anajua kwamba nitaanza na vigari.

Shule ninakofundisha iko mwinukoni kidogo kutoka Tarime mjini. Asubuhi mwalimu wa zamu anakagua mstari akiwa ndani ya koti, na mchana wa siku hiyohiyo bati la maabara linalia kwa joto. Maabara yetu haina dari. Nimeomba dari mpaka mkuu wa shule akiniona nakuja na karatasi mkononi anakumbuka ghafla kwamba ana kikao. Nafundisha Fizikia kidato cha tano na cha sita, na mimi ndiye mwanamke pekee katika idara. Wanafunzi wananiita Madamu. Nikishapita wananiita jina lingine, ambalo nalijua na ninajifanya silijui.

Kila mwaka, kidato cha tano wakishazoea vitanda vya bweni, tunafanya jaribio la mgongano. Unaweka kigari kimoja katikati ya ubao mrefu kikiwa kimetulia, halafu unakisukuma kingine kikigonge. Kimoja kina sindano mbele, kingine kina kizibo laini, kwa hiyo vikikutana vinashikana na kuendelea na safari pamoja. Nyuma ya kigari unachokisukuma unabandika utepe wa karatasi, nao unapita kwenye kifaa cha umeme kinachougonga vidoti hamsini kila sekunde. Vidoti vikiachana sana, kigari kilikuwa mbio. Vikibanana, kilikuwa kinajikongoja. Unachukua rula, unapata mwendo, unauzidisha na uzito. Wenzangu watanisamehe kusema uzito badala ya tungamo. Hesabu hiyo ndiyo tunayoiita momentamu, na sheria inasema iliyokuwepo kabla ya mgongano ndiyo iliyopo baada ya mgongano. Imegawanywa tu kwa vigari viwili, haijaenda popote.

Kwangu ilikuwa inaenda. Kila Jumanne asubuhi, mbele ya macho yangu, karibu theluthi yake ilikuwa inapotea.

Mwaka jana nilikuwa nimejitesa kupata vigari vizuri. Vya zamani vilikuwa na magurudumu yaliyoliwa upande mmoja kama visigino vya viatu. Nikaenda Sirari siku ya Ijumaa, kwa fundi wa kuchomelea ambaye kibanda chake kiko nyuma ya maegesho ya malori, nikamchorea ninachotaka. Alinitengenezea vigari viwili vyenye magurudumu ya beringi ndogo, safi kabisa, na alivikabidhi kwa maringo.

"Hizi beringi ziko fiti, Mwalimu," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kimeshavuka mpaka mara nyingi kuliko yeye. "Ile girisi nzito nimeitoa yote. Wewe tia mafuta mepesi tu, zile za cherehani. Umenipata?"

Nilimpata. Shida ni kwamba mwenye cherehani jirani yangu alikuwa amesafiri, na mama yangu alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Gorong'a. Mama hasafiri bila chupa ya samli. Aliponiona Jumamosi nikipekua kabati na kugonga milango, aliniuliza natafuta nini, nikamwambia.

"Mafuta si mafuta?" akasema. "Baba yako alitia samli iliyochacha kwenye mkokoteni miaka yote. Ulishawahi kuusikia ukilia?"

Sikuwahi. Nikachukua samli, nikaenda shuleni mchana huohuo, nikaitia kwenye beringi zote nane kwa kijiti. Vigari viliteleza vizuri mno. Nikainua ubao upande mmoja kidogo kidogo mpaka kigari nikikigusa kiende kwa mwendo uleule mwanzo hadi mwisho, bila kuongeza wala kupunguza, yaani ule mwinamo wa ubao ufute kazi ya msuguano. Hapo nikapigilia kabari na kuzimwagia gundi ya mbao, kwa sababu wanafunzi wangu hawawezi kuona kitu kimesimama bila kukitikisa. Nilifunga maabara nikiwa na furaha. Nakumbuka furaha ile kwa aibu.

Jumanne, vipindi viwili vya kwanza, makundi sita yalifanya jaribio. Nikakusanya madaftari. Makundi yote sita, kabla na baada vilikuwa sawasawa, hadi tarakimu ya mwisho.

Mwalimu mvivu angeweka vema sita akaenda kunywa chai. Mimi niliweka vigari kwenye ubao na kufanya mwenyewe. Nikapoteza theluthi. Nikarudia, nikapoteza theluthi. Yaani hawakupima chochote. Walikuwa wameandika jibu wanalolijua kutoka kwenye notsi, kisha wakarudi nyuma kutengeneza vipimo vya kulifikia. Sisi walimu tunaita kupika, na kila mwalimu wa sayansi nchini anajua ladha ya chakula hicho.

"Simameni," nikasema. Nikachana kurasa sita, moja baada ya nyingine, bila haraka, ili wasikie.

Kiongozi wa darasa, kijana mrefu wa hapahapa Tarime, akanyoosha mkono. "Lakini Madamu, sheria si inasema zilingane?"

"Sheria inasema. Hii meza inasemaje, mura? Uliiuliza meza?"

Niliwatangazia kwamba atakayepika tena atatoka kwenye maabara yangu na hatarudi. Nilisema hivyo kwa sauti ambayo, naambiwa, ilisikika jikoni.

Wiki mbili zilizofuata nilipigana na theluthi ile, asubuhi kwa asubuhi, maana mchana nilikuwa na kidato cha sita. Nilibadilisha rula. Nilipima upya mizani kwa pakiti ya sukari. Nilishuku umeme, nikashuku kifaa cha vidoti, nikawashuku wanafunzi kwamba wameangusha kigari sakafuni na beringi imepinda. Nilikuwa nakula ugali huku nachora vidoti pembeni ya sahani kwa ncha ya kidole, mpaka mama akaniuliza kama naumwa. Kabari sikuzishuku hata mara moja. Nilikuwa nimezitia gundi mwenyewe.

Katikati ya hasira hizo akaja binti.

Alikuwa wa Machochwe, kule Serengeti, karibu na mpaka wa hifadhi. Alipangiwa tahasusi ya Historia, Jiografia na Lugha, na alitaka kuhamia ya Fizikia, Kemia na Hisabati. Alifika ofisini kwangu akasimama mlangoni, viatu vimepakwa rangi mpaka kwenye nyuzi.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Nani kakuambia Fizikia ni kichaka cha kukimbilia?"

"Hapana, Madamu. Fizikia nilifaulu vizuri. Fomu ya machaguo ilijazwa na mjomba."

Nilimuuliza anaitaka ya nini. Akanieleza kwamba mwaka mmoja lori liligonga ng'ombe wawili wa jirani yao barabarani, na dereva akaapa kwamba alikuwa anatembea polepole. Askari wakaja na futi ndefu, wakapima alama za matairi kwenye barabara ya changarawe, wakapiga hesabu, wakamwambia dereva mwendo wake. "Niliwauliza wamejuaje," akasema. "Wakaniambia nenda shule."

Nilimpenda hapohapo, nikaficha. Mwalimu wa taaluma alikuwa amempa sharti kwamba atahama iwapo mimi nitaangalia kazi yake na kusaini fomu kabla ya Ijumaa ya kufunga dirisha la kubadili tahasusi. Nikampa jaribio lilelile la mgongano. Asubuhi alikuwa kwenye vipindi vya Historia kama kawaida, kwa hiyo angefanya mchana, akishakula, wakati mimi niko na kidato cha sita darasa la juu. Mtunza maabara angemfungulia mlango.

Siku iliyofuata alileta karatasi moja, imeandikwa kwa mwandiko wa kupangika. Kabla, nukta nne sifuri. Baada, nukta tatu tisa.

Niliiangalia karatasi ile nikahisi damu inanipanda. Wale sita walipika kijinga, wakalinganisha kila tarakimu. Huyu, nikasema moyoni, ni mpishi mwenye akili. Ameacha kasoro kidogo ili nione ni kweli. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, wiki mbili sijaweza kupata hata karibu na hapo, halafu mtoto wa Historia aje apate siku ya kwanza?

"Umeipata wapi hii?"

"Kwenye vigari, Madamu."

"Nani kakusaidia?"

"Hakuna."

Nikaipasua. Mara mbili, ikawa vipande vinne. Alinyoosha mkono nusu, kama mtu anayetaka kuzuia sufuria isianguke, akaurudisha.

"Madamu, nyuma kuna..."

"Njia ya mwongo ni fupi," nikamkatiza. "Kesho asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, utafanya mbele yangu."

Alikuja asubuhi. Kulikuwa na ukungu na alikuwa amejikunyata ndani ya sweta la shule. Alifanya kila kitu kwa mpangilio kuliko wanafunzi wangu wote. Alibandika utepe ukanyooka, aliachia kigari bila kukitikisa. Kisha akapima, akapiga hesabu, na theluthi ikapotea. Akarudia bila kuambiwa. Ikapotea tena. Aliviangalia vidoti muda mrefu, halafu akaniangalia mimi.

"Juzi mchana haikuwa hivi, Madamu."

"Juzi sikuwepo," nikasema.

Sikusaini. Niliandika kwenye fomu kwamba mwanafunzi huyu ana uwezo lakini haaminiki katika vipimo, na vile vipande vinne nikaviambatanisha kwa pini kama ushahidi. Nilipeleka kwa mwalimu wa taaluma Alhamisi. Ijumaa dirisha likafungwa. Nakiri kwamba nilijisikia vizuri. Nilijiona mlinzi wa kitu fulani.

Zikapita wiki mbili nyingine. Mchana mmoja kidato cha sita walikuwa na mtihani wa somo lingine, nikaenda maabara kuvirudisha vigari kabatini. Nilikuwa nimekata tamaa navyo. Ndani bati lilikuwa linawaka, jasho likanitoka hata kabla sijafika kwenye meza. Nikaweka kigari kimoja juu ya ubao ili nipate mkono wa kufungulia kabati, na kigari kikaondoka. Nilikuwa nimekigusa tu. Kikaenda taratibu, mwendo uleule, hadi mwisho wa ubao, kikagonga kizuizi na kutulia.

Nilisimama pale na funguo mkononi. Kisha nikafunga utepe, nikafanya jaribio. Kabla na baada vililingana. Nikafanya tena, vikalingana. Mara ya tatu nilipima vidoti kimoja kimoja, na vikalingana.

Kesho yake asubuhi nilifika kabla ya kengele, nikiwa na koti. Nikageuza gurudumu kwa kidole. Lilikuwa gumu. Nikaliinua dirishani kwenye mwanga. Ndani ya beringi, katikati ya vile vigololi, kulikuwa na kitu cheupe chenye chengachenga, na nikakinusa.

Mimi nimezaliwa Gorong'a. Nimetumwa kuleta samli jikoni tangu nikiwa na meno ya utoto. Asubuhi za kwetu samli inaganda ndani ya kibuyu mpaka uiweke karibu na moto ndipo ikubali kumiminika, na hakuna mtoto wa kwetu asiyejua hilo. Nina shahada ya Fizikia. Nimefundisha joto la kuyeyuka na kuganda kwa miaka, kwa michoro. Nikatia samli kwenye beringi Jumamosi mchana, nikapima mwinamo Jumamosi mchana, nikautia gundi, halafu nikawapa watoto vigari vyenye magurudumu yaliyoganda kila Jumanne saa mbili asubuhi, na nikawaita wapishi. Kweli walipika. Ila aliyechafua jiko ni mimi.

Nilimpigia simu mama, ambaye alikuwa amesharudi nyumbani. Sijui nilitaka aniambie nini.

"Si imeganda," akasema, kama nimemuuliza iwapo maji yanalowesha. "Ungevianika juani kwanza hivyo vigari vyako. Nani hajui?"

Nilikwenda ofisi ya taaluma nikaomba faili. Vipande vinne vilikuwa bado na pini yake. Nikaviweka mezani, nikaviunganisha, halafu nikafanya kitu ambacho sikukifanya siku ile. Nikaigeuza karatasi. Nyuma alikuwa amebandika utepe wenyewe, umekatwa vipande vya vidoti kumi kumi na kupangwa kwa mstari, kabla upande wa kushoto, baada upande wa kulia. Yeyote mwenye rula angeweza kuhakikisha. Chini yake, kwa penseli, ameandika: *Saa nane na nusu mchana. Ndani ni joto sana.*

Aliandika joto. Mtoto ambaye hata hajaingia darasani kwangu aliandika joto, na mimi sikuwa nimeliwaza.

"Dirisha limefungwa, Madamu," mwalimu wa taaluma akaniambia. Ni mtu mpole, na upole wake ulinikera. "Majina yameshakwenda. Wewe ndiye uliandika haaminiki."

"Najua nilichoandika. Naomba nikifute."

"Maji yakishamwagika hayazoleki."

Nilikwenda kwa mkuu. Kwa mara ya kwanza sikwenda kuomba dari, na nadhani ndiyo sababu alinisikiliza hadi mwisho. Alipiga simu mbili mbele yangu. Jibu lilikuwa lilelile. Alipoweka simu aliniuliza, bila ubaya, kwa nini sikugeuza karatasi. Nilikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa yanaanza na neno hasira.

Wakati nasoma kidato cha tatu nilipata alama zote kwenye jaribio la lenzi, na mwalimu wangu akaniuliza mbele ya darasa ni mvulana gani amenifanyia. Nimekuwa nikiwasimulia wasichana kisa hicho kila mwaka, ili wajue nilikotoka. Nimeacha kukisimulia.

Nilimkuta binti jioni ya siku hiyo nyuma ya bweni, anafagia na wenzake. Nikamwita pembeni. Kwetu mtu mzima haombi mtoto msamaha, anampa soda na mambo yanaisha, na kweli nilikuwa nimefikiria soda. Nikamwambia tu. Nilimwambia kuhusu samli, gundi na kabari, kwamba kipimo chake kilikuwa cha kweli, kwamba mimi ndiye niliyekosea, kwamba nimejaribu kwa mkuu na imeshindikana. Alisikiliza ameshika ufagio kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo ilikuwa joto," akasema.

"Ilikuwa joto."

Akatikisa kichwa polepole. Kwa muda nilimwona amefurahi, furaha ya mtu aliyekuwa na fumbo na sasa limefunguka, na hiyo iliniuma kuliko kama angelia. Nikaanza kuongea haraka haraka. Nikamwambia maabara iko wazi kwake mchana wowote, aje tu, nitamwachia ufunguo, nitamfundisha mwenyewe, vitabu nitampa.

"Nije kama nani, Madamu?"

Hakusema kwa jeuri. Aliuliza kama alivyowauliza wale askari. Akasubiri kidogo, kwa adabu, kisha akaomba ruhusa akarudi kufagia.

Siku iliyofuata niliwaambia darasa zima, na kiongozi wa darasa, yule kijana mrefu, hakucheka, jambo ambalo namshukuru. Nilisafisha beringi kwa petroli, nikatia mafuta ya cherehani, nikabandua kabari kwa patasi. Sasa jaribio tunalifanya mara mbili, asubuhi na mchana, na kila kundi linaandika saa na hali ya hewa kabla ya kuandika tarakimu yoyote. Karatasi yake nimeiunganisha kwa selotepu na kuibandika ukutani juu ya ubao wa vigari, upande wa nyuma ukiwa mbele, ule wenye utepe na maandishi ya penseli.

Yeye yuko kidato cha sita sasa. Wanasema ni wa kwanza darasani kwao. Hajawahi kuja kuchukua ufunguo. Kidato cha tano wapya wanapima vidoti vyao, wanashindwa, wanainua macho ukutani, na lazima mmoja aulize.

"Madamu, huyu aliyepata vizuri hivi ni nani?"

"Mwanafunzi wa hapahapa," nasema. "Yuko darasa lile pale ng'ambo ya uwanja."

"Lile si la Historia?"

"Ndiyo. La Historia."

Wanacheka, wakidhani Madamu leo anatania, nami nawaambia waandike saa.